Watu Watano na Wimbo wa Samaki

Wiki hii sina habari ya mahindi wala ya ng'ombe. Nataka kuwasimulia jioni moja niliyokaa katika ukumbi mmoja mjini Nairobi, nikisikiliza muziki wa Kizungu wa namna ambayo wengi wetu tukiisikia katika redio hugeuza kituo mara moja. Nilikuwa na rafiki yangu wa siku nyingi, mzee mkulima wa kahawa kutoka Kirinyaga, ambaye alikuja mjini kwa shughuli zake za benki na jioni akakosa gari la kumrudisha nyumbani. Mimi nilikuwa na tikiti mbili, nikamwomba tufuatane. Alikubali kwa ajili ya adabu tu, naye hakunificha jambo hilo.

Tulipoketi, waliingia watu watano. Mmoja alikaa penye kinanda kikubwa cha piano. Wanne walikuwa na vyombo vya nyuzi: fidla, na chombo kinachofanana nayo lakini kikubwa kidogo, ambacho huitwa viola, na selo, ambayo mpigaji huiweka baina ya magoti, na besi kubwa, ndefu kuliko mtu, ambayo mpigaji wake hana budi kusimama au kukaa juu ya kiti kirefu. Rafiki yangu aliwatazama, kisha akaninong'oneza, "Ndugu yangu, mkubwa wao ni yupi? Mbona simwoni mwenye kile kijiti cha kuongoza?"

Swali hilo ni la maana kuliko alivyodhani mwenyewe. Muziki wa namna hii huitwa muziki wa chumbani, kwa kuwa hapo kale haukutungwa kwa ajili ya kumbi bali kwa ajili ya vyumba vya nyumbani, upigwe jioni baada ya kazi na watu wachache wanaojuana. Hauna kiongozi. Kila mpigaji ana sehemu yake, na sehemu hiyo haina mtu mwingine wa kuipiga ila yeye. Katika kundi kubwa la muziki fidla zaweza kuwa ishirini na zaidi, na mmoja akikosea wenzake humfunika. Hapa hakuna wa kumfunika. Wasomaji wetu wa Mombasa na Lamu waliozoea taarabu wataelewa upesi, maana wameona jinsi mpiga udi anavyomtazama mpiga fidla ili ajue wakati wa kuingia na wakati wa kunyamaza.

Nikamwambia rafiki yangu kwamba watakayopiga ni kazi ya Franz Schubert, mtungaji wa mji wa Vienna katika nchi ya Austria, na kwamba jina lake linatokana na samaki aitwaye trauti. Hapo mzee akaketi wima. "Trauti huyu wa mito yetu?" Naam, ni wa jamii hiyo hiyo. Trauti si mwenyeji wa Kenya. Wazungu walimleta kutoka Uskochi mwaka 1905, wakamtia katika mito ya baridi ya milima ya Aberdare, na baadaye akaenea katika mito ya Mlima Kenya. Rafiki yangu alinieleza kwamba katika utoto wake samaki huyo alikuwa haguswi bila cheti cha kuvulia, na vijana wa kijijini hawakuwa na cheti. Walimvua usiku. Tangu hapo sikumwona akisinzia tena.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1817 Schubert alitunga wimbo mfupi juu ya trauti anayeogelea katika kijito chenye maji safi. Mvuvi yupo ukingoni, lakini maji yakiwa safi samaki humwona na kumkwepa. Mwishowe mvuvi huona kuchelewa, huyavuruga maji yakawa matope, na samaki hunaswa. Maneno yaliandikwa na mshairi Schubart (majina yao yanakaribiana, lakini si jamaa), na shairi lake lilikuwa na ubeti wa mwisho wenye maonyo kwa wasichana. Schubert aliuacha ubeti huo. Nadhani alifanya vyema.

Miaka miwili baadaye, katika kiangazi cha 1819, Schubert alisafiri kwenda Steyr, mji mdogo mahali panapokutana mito miwili, uliojulikana kwa kazi za chuma. Umri wake ulikuwa miaka 22. Alikuwa mwana wa mwalimu, na yeye mwenyewe alikuwa amepata kufundisha watoto wadogo katika shule ya baba yake, kazi ambayo hakuipenda hata kidogo. Alifuatana na mwimbaji Johann Michael Vogl, mzaliwa wa mji huo. Inaonekana alifurahi huko, kwa maana alimwandikia nduguye Ferdinand kwamba katika nyumba aliyokaa walikuwamo wasichana wanane, karibu wote wazuri.

Katika mji huo alikuwako Bwana Sylvester Paumgartner, mtu mwenye cheo katika shughuli za machimbo. Mchana alikuwa na hesabu na watu wa kazi. Jioni alikuwa na selo yake. Hakuwa fundi wa muziki kwa kazi, bali alipenda tu, na nyumba yake ilikuwa mahali pa kukutania wapigaji. Wimbo ule wa trauti ulimpendeza mno, naye alimwomba Schubert atunge kitu cha watu watano ambacho ndani yake wimbo huo usikike. Basi makarani wanaosoma ukurasa huu wasije wakadhani kwamba muziki huu ulizaliwa katika jumba la mfalme. Uliombwa na mtu wa ofisi.

Schubert alifanya jambo moja la busara. Kwa desturi, katika kundi dogo la namna hii, selo ndiyo inayobeba sauti ya chini, kama nguzo ya nyumba. Yeye akatia besi kubwa ishike kazi hiyo, na hivyo selo ikapata nafasi ya kupanda juu na kuimba. Nguzo ilifunguliwa ikacheza ngoma. Piano nayo mara nyingi hupigwa upande wa juu, mikono miwili ikienda sambamba, sauti ikimetameta kama maji juu ya mawe, ili isizikandamize nyuzi.

Sasa nifike kwenye mkasa wetu. Kazi hiyo ina sehemu tano. Katikati ya sehemu ya tatu, ambayo ni ya mbio sana, tulisikia mlio kama wa tawi kavu likivunjika. Uzi wa fidla ulikuwa umekatika. Wote wakasimama papo hapo. Mpiga fidla, kijana mwembamba, akainama, akaomba radhi, akatoka nje kwenda kutia uzi mwingine. Wanne waliobaki wakakaa kimya, na sisi tukakaa kimya. Mtu mmoja nyuma yetu alinung'unika kwamba wangeendelea tu bila yeye, kwani wako wanne na yule ni mmoja. Rafiki yangu aligeuka akamtazama kwa namna ambayo wazee wa Kirinyaga huitumia katika mikutano ya chama cha ushirika. Hakusema neno, wala haikuhitajiwa. Kijana alirudi baada ya dakika saba hivi, akaipatanisha fidla yake na piano, nao wakaanza upya sehemu ile tangu mwanzo.

Baada ya hapo ikaja sehemu ya nne, yenye ule wimbo wa samaki. Mwanzo wake piano hunyamaza kabisa. Nyuzi peke yake huueleza wimbo polepole, kama mtu anayesimulia habari ndugu zake wakimsikiliza. Kisha wimbo hupokezanwa. Piano huuchukua kwanza. Halafu viola, ile ambayo watu husahau kama ipo, hupewa zamu yake, huku fidla ikiizunguka juu kama ndege. Kisha wimbo hushuka mpaka chini kabisa kwa selo na besi, na piano hukimbia juu yao kwa kasi ambayo nilishindwa kuifuata kwa macho. Mara hali hubadilika ikawa ya ghadhabu, sauti zikawa nzito. Rafiki yangu akasema kwa sauti ya chini, "Anayavuruga maji." Baadaye selo hupata zamu ya peke yake, na hapo nilimfikiria yule Bwana Paumgartner, jinsi alivyopaswa kuketi mbele ya wageni wake na kupiga maneno mazuri aliyowekewa kwa makusudi, mikono yake ikitetemeka labda. Mwisho fidla na selo hupeana wimbo kwa furaha, na ndipo tu piano hutoa ule mruko mdogo wa maji uliokuwamo katika wimbo wa kwanza wa 1817. Mtungaji alikuwa ameuficha muda wote huo.

Nina lawama moja. Piano za Vienna za wakati wa Schubert zilikuwa na kiunzi cha mbao, na vinyundo vyake vilivikwa ngozi. Sauti yake ilikuwa nyepesi. Piano za siku hizi zina kiunzi cha chuma na nguvu nyingi, na mpigaji asipojizuia huwameza wenzake. Mara mbili tatu jioni ile viola ilimezwa.

Schubert hakuiona kazi hii ikipigwa chapa. Alifariki tarehe 19 Novemba 1828, akiwa na umri wa miaka 31, na kitabu chake kikatolewa Vienna mwaka uliofuata. Mwandiko wa mkono wake mwenyewe umepotea. Lakini rafiki yake Albert Stadler, aliyesoma naye shule, alikuwa amenakili sehemu ya kila mpigaji, na nakala hiyo ingalipo hata leo; wataalamu huilinganisha na chapa ya 1829 na kuona palipobadilishwa. Wale ambao kazi yao ni kunakili barua za wengine kutwa nzima, na hawakupata kushukuriwa kwayo, nawaachia habari hiyo waifikirie.

Tulipotoka, rafiki yangu alilala kwangu, na alfajiri akapanda gari la Kutus. Hakusema mengi juu ya muziki. Siku ya nne alinipigia simu juu ya bei ya mbolea, na tulipokwisha maneno hayo akaniuliza kama nimesikia watu wale watapiga lini tena, na kama yule kijana wa fidla sasa hutembea na uzi wa akiba mfukoni.