Herufi Isiyotamkwa: Washairi wa Kanada na Hadithi Zao Mpya

Fasihi ya Kanada inapotajwa katika mihadhara ya fasihi linganishi, aghalabu hutajwa Margaret Atwood na Alice Munro, aliyetuzwa Nobel mwaka wa 2013, kisha mjadala hufungwa. Huo ni ufinyu. Baadhi ya waandishi wanaoipa fasihi hiyo sura mpya ni washairi waliovuka mpaka na kuingia katika nathari, nao wamevuka na suala la lugha, suala ambalo mwanafunzi wa Kiswahili ana haki ya kulitolea kauli.

Mathalani, Souvankham Thammavongsa alizaliwa mwaka wa 1978 katika kambi ya wakimbizi wa Laos nchini Thailand, akalelewa Toronto. Alichapisha diwani nne kabla ya mkusanyiko wake wa hadithi fupi, How to Pronounce Knife, kunyakua Tuzo ya Giller mwaka wa 2020. Katika hadithi inayobeba jina la mkusanyiko huo, mtoto anamwomba babake amsomee neno moja kitabuni. Baba, mhamiaji, analitamka kwa kuipa K ya mwanzo sauti yake. Shuleni mtoto anakosolewa. Naye anashikilia kwamba herufi iliyotangulia nyingine zote haiwezi kukosa sauti, hata anapelekwa kwa mkuu wa shule. Nyumbani hamfichulii babake kosa hilo.

Ni rahisi kuisoma hadithi hii kama kisa cha baba asiyejua. Msomaji aliyelelewa na Kiswahili hawezi kuisoma hivyo. Katika othografia yake herufi haikai bure. Kiandikwacho ndicho kitamkwacho. Kwake yeye, baba yule amesoma sawasawa, na kilichokwenda upogo ni tahajia ya Kiingereza. (Aliyewahi kumsikia mtoto wa darasa la kwanza akihangaika na neno hilo hahitaji maelezo zaidi.) Aibu inayoinyemelea familia ile haitokani na upungufu wa akili, bali na lugha yenye nguvu inayoficha kanuni zake kisha ikamwadhibu asiyezijua.

Hapo ndipo mfasiri anapotokwa jasho. Kiswahili hakina K bubu. "Kisu" hakifichi kitu. Neno hilo likiwekwa mahali pa lile la Kiingereza, baba hatakuwa amekosea lolote na hadithi itakufa. Njia ya busara ni kuliacha neno la Kiingereza lilivyo, katikati ya sentensi za Kiswahili, lionekane geni kama lilivyokuwa geni kwa baba. Msomaji atasimama upande wa baba tangu mwanzo, jambo ambalo matini asilia haiwezi kumrahisishia msomaji wa Kiingereza. Riwaya ya kwanza ya mwandishi huyu, Pick a Colour, iliyotoka mwaka wa 2025, inaendeleza dhamira hiyo: wafanyakazi wa saluni ya kucha wote wanaitwa Susan.

Canisia Lubrin, mzaliwa wa Saint Lucia aliyepata Tuzo ya Griffin ya ushairi mwaka wa 2021, ni mgumu zaidi. Code Noir yake ya mwaka wa 2024 ina hadithi 59 zinazokabiliana na sheria ya watumwa ya mwaka wa 1685, enzi ya mfalme Louis XIV wa Ufaransa. Msomaji aliyezoea Nagona ya Kezilahabi, mshairi mwingine aliyeandika nathari, hatatishika.

Wapo watakaodai kwamba Kanada ni mbali mno na idara za Kiswahili. Dai hilo linamsahau M. G. Vassanji, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, aliyetwaa Tuzo ya Giller ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1994, kisha akaitwaa tena mwaka wa 2003 kwa riwaya ya maisha ya Wahindi wa Kenya. Hata hivyo, riwaya zake ni ndefu. Semina ya tafsiri yenye majuma machache ingeanza na hadithi ile ya kisu, ambayo ni ya kurasa chache tu.