Njia ya Mkato Gani Hii Inaliwa kwa Kijiko cha Chai?

Mtu maarufu akipungua kilo, komenti huwa ni ile ile, imenakiliwa mpaka imechakaa: "Huyo alikatwa tumbo. Ametumia njia ya mkato." Chini yake kuna mmoja anayetangaza ati yeye alipungua "kwa jasho lake", kwa hivyo heshima zote ziletwe kwake. Halafu watu elfu mbili wanaweka alama ya kucheka, tunaendelea na maisha.

Leo hatuendelei na maisha. Leo tunaongea kuhusu hiyo njia ya mkato, kwa sababu mimi nimeipika.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Hiyo ni stori ya kila Krismasi kwetu, siirudii hapa. Ila matokeo yake ni kwamba shangazi yangu, sisi wote humwita Anti, alipofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, katika ukoo mzima aliyehesabiwa hana kazi alikuwa mimi. (Video si kazi, kulingana na wajomba.) Nikahamia kwake miezi mitano. Blenda yake ikawa yangu. Amenikubalia niandike hii, bora nisiweke sura yake wala jina.

Kwanza tujue tunachekelea nini. Upasuaji huu si kunyonywa mafuta ya kitambi. Kinachoguswa ni tumbo la ndani, lile linalopokea chakula. Kuna aina inayoitwa sleeve: asilimia 75 hadi 80 ya tumbo inakatwa na kutolewa kabisa, unabaki na kitu kama ndizi nyembamba. Hakirudi. Kuna bypass, ambayo ndiyo Anti alifanyiwa kwa sababu alikuwa na kisukari: wanatengeneza kifuko kidogo cha kama mililita 30 juu ya tumbo, wanakiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo. Mililita 30 ni vijiko viwili vya mezani. Kapime maji uone. Puto, lile ambalo msanii Peter Msechu wa Tanzania aliwekewa Mloganzila, ni kitu kingine, hukatwi popote na linatolewa baada ya muda. Sindano za kina Ozempic nazo ni kitu kingine tena. Nyinyi kwa komenti mnachanganya zote kama githeri.

Sasa chakula. Watu hufikiri mateso ya chakula yanaanza ukitoka hospitali. Zii. Yanaanza kabla.

Madaktari wengi wanakupa wiki mbili za kula kidogo sana kabla ya siku yenyewe, mara nyingi kalori 800 hadi 1,000 kwa siku, wanga na sukari vikiwa chini kabisa. Sababu si kukupima kama uko na nidhamu. Sababu ni ini. Mtu mwenye uzito mkubwa mara nyingi ini lake limejaa mafuta na limefura, na ini limelalia pale pale juu ya tumbo. Upasuaji unafanywa kwa matundu madogo na kamera, kwa hivyo daktari lazima aliinue ini ndiyo afike anakoenda. Ini likiwa kubwa na laini linaweza kuvuja damu. Ukila vile umeambiwa, kwa hizo wiki mbili linapungua. Usipokula hivyo, unaweza kufunguliwa, daktari aone hakuna nafasi, ufungwe tena.

Na unajua hizo wiki mbili marafiki wa Anti walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanapanga nyama choma ya kwaheri. Ati "twende ule mara ya mwisho, dada, si baadaye hutaweza." Kwa upendo kabisa. Walikuwa wamechanga hadi pesa. Alikataa, wakanuna, mmoja akasema ameanza kuringa hata kabla ya kukonda. Alikuwa amekunywa supu ya mboga siku tisa mfululizo na kichwa kinamgonga, na bado ndiye wa kuomba msamaha.

Siku ya upasuaji sina mengi, ilienda vizuri. Jioni ile ile walimwamsha atembee kwa korido, ndiyo damu isigande miguuni. Wacha turudi jikoni.

Siku za mwanzo ni maji na supu iliyochujwa, isiyo na hata kipande. Unakunywa kwa funda ndogo ndogo. Kikombe kimoja cha supu ya mifupa Anti alikimaliza kwa saa nzima, na mimi nilikuwa nimeweka saa ya simu kwa sababu hakuwa anasikia kiu wala njaa, na mtu akikosa maji hapo anarudishwa hospitali. Baadaye vinywaji vizito kidogo: maziwa yasiyo na mafuta, maziwa lala, uji mwepesi bila sukari. Halafu wiki kadhaa za vitu vilivyosagwa. Nimesaga ndengu. Nimesaga kuku. Nimesaga samaki, na blenda haijasahau. Halafu laini kama mayai na maharagwe yaliyopondwa. Chakula cha kawaida kilikuja karibu mwezi wa pili, na hapo "kawaida" ni sahani ya chai, si sahani. Ugali na chapati zilibaki vita kwa muda mrefu, zinakwama kifuani kama tofali. Kila hospitali iko na ratiba yake, yako fuata ya daktari wako, si yangu.

Kuna sheria pia. Hunywi maji ukila. Unangoja kama nusu saa. Unatafuna mpaka kitu kisiwe na umbo. Protini inakuja kwanza kabla ya kila kitu, angalau gramu 60 kwa siku kulingana na alivyoelekezwa, kwa sababu mwili usipopata protini unakula misuli yako. Yai moja lina gramu 6 hivi. Fanya hesabu: mayai kumi. Huyu ni mtu ambaye yai moja lilikuwa linamshinda! Ndiyo maana kulikuwa na maziwa ya unga kwa kila kitu, na omena niliyosaga ikawa vumbi nikanyunyizia supu. (Usijaribu hiyo kama dirisha halifunguki.)

Bado unaita hii mkato? Mkato wa kwenda wapi?

Halafu kuna kitu daktari hawezi kukuandikia dawa yake, nacho ni wageni. Hapa kwetu mtu akitoka hospitali anapelekewa mkate, soda na juisi ya pakiti. Akila vijiko vitatu anaambiwa "ongeza, utapata nguvu aje?" Ukikataa chakula umemtukana aliyepika. Mwezi wa tatu tulikuwa na sherehe ya familia, mjomba mmoja akamshikia glasi ya soda, "kidogo tu, ya kutoa toast." Alikunywa funda tatu nne kuepuka maneno. Dakika kama ishirini baadaye ako kwa sakafu ya bafu, jasho linamtoka, moyo unakimbia, tumbo linamkata, anaharisha. Sukari imeshuka kwa utumbo mdogo kwa mpigo, mwili umeshtuka. Nje nikasikia mtu anasema, "Si hiyo operesheni ndiyo imemharibu."

Operesheni haikumharibu. Ni sisi hatukuwa tumeambiwa, na wanaojua hawataki kusema.

Na hapa ndipo nataka kugombana. Miezi michache iliyopita kliniki moja, jina nabaki nalo, ilinitumia ujumbe. Walitaka video ya sekunde 30: picha ya kabla, picha ya baada, muziki wa kupandisha roho, maneno "maisha mapya". Pesa ilikuwa nzuri, siwadanganyi. Nikauliza kama naweza kuweka sekunde tano za chakula cha kusagwa na vidonge vya kila siku. Jibu likaja: hiyo itaogopesha wateja. Nikakataa kazi. Baadaye nikaona imefanywa na msee mwingine mwenye wafuasi wengi kuniliko.

Sasa weka hiyo video kando ya ile komenti ya "njia ya mkato". Ni sentensi moja! Anayechekelea anasema kisu ndicho kilifanya kazi yote. Anayeuza pia anasema kisu ndicho kitafanya kazi yote. Mmoja anapata kujiona bora, mwingine anapata mamia ya maelfu ya shilingi, na wote wawili wamefuta jikoni.

Anayelipia huo uongo ni yule anayeuamini. Analipa, anakatwa, anarudi nyumbani, hana mtaalamu wa lishe, hana ratiba ya vipimo. Anatapika wiki mbili tatu anafikiri ndiyo kawaida, kumbe vitamini B1 inaisha mwilini, na ikiisha inaweza kuharibu ubongo: macho yanachanganya, miguu inayumba, kumbukumbu zinapotea. Kichwa kikiuma anatuma mtoto kwa duka la dawa amletee Brufen ama Diclofenac, na kwa mtu wa bypass hizo zinaweza kumchimbia kidonda pale tumbo lilipounganishwa. Mwezi wa nne nywele zinatoka na chanuo. Anti alilia siku nzima, mpaka tukapiga simu tukaambiwa hutokea mtu akipungua haraka na kwa kawaida zinarudi. Zilirudi. Asiye na wa kumpigia simu je?

Vidonge navyo ni vya maisha. B12, madini ya chuma, kalisi, vitamini D, na damu inapimwa kila mwaka. Hiyo ni bajeti ya kila mwezi mpaka uzeeke, kando na bei ya operesheni. Kwa wasichana wa umri wangu: uzito ukishuka, uwezo wa kushika mimba huwa unapanda, na madaktari husema ngoja miezi 12 hadi 18 kwanza. Vidonge vya kupanga uzazi vinaweza kutofanya kazi vizuri baada ya bypass, kwa hivyo uliza njia nyingine. Pombe pia inapanda haraka kuliko zamani, na hatari ya kuwa mlevi huongezeka.

Kuna wanaodhani ukishakatwa umemaliza. Diego Maradona alifanyiwa bypass kule Cartagena, Kolombia, mwaka wa 2005, akapungua dunia nzima ikashangaa. Uzito ulirudi. Alikuwa na pesa, madaktari na jina, na bado. Tumbo dogo halizuii soda, aiskrimu wala milkshake. Hizo zinateleza tu.

Sasa usiniwekee maneno mdomoni. Sipingi upasuaji. Sukari ya Anti ilishuka kabla hata hajapungua sana, dawa zake zikapunguzwa, na sasa anapanda ngazi za ghorofa nne akiongea kwa simu. Na wewe wa "si angefanya mazoezi tu", alifanya, miaka mingi. Ukipunguza uzito mwingi, mwili unaongeza homoni za njaa na unapunguza unachochoma, kama unajitayarisha kwa ukame. Bypass na sleeve husaidia kutuliza hizo homoni, ndiyo maana zinafanya kazi pale mazoezi peke yake yalishindwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta zaidi ya wanawake wanne kati ya kumi hapa Kenya wako na uzito uliozidi. Hao si watu wavivu milioni kadhaa. Hao ni mama zetu.

Ila pia si ya kila mtu. Mwongozo wa kimataifa uliobadilishwa 2022 unaanzia BMI ya 35, ama 30 ukiwa na ugonjwa kama kisukari. Kwa mtu wa mita 1.6, hiyo 35 ni karibu kilo 90. Kama una kilo 68 na unataka nguo fulani ikukae Desemba, na kuna mtu amekubali kukukata, huyo mtu ni shida kuliko hizo kilo.

Kama unafikiria kweli, ama ni mzazi wako anafikiria, nenda na maswali. Daktari ako kwa orodha ya KMPDC? Mtaalamu wa lishe ni nani, na nitakutana naye kabla ama baada? Vidonge vya mwezi ni pesa ngapi? Damu yangu itapimwa lini na wapi? Nikitapika saa nane usiku nampigia nani, na hiyo namba inashikwa na mtu ama inaita tu? Uliza hayo yote kabla ya kulipa hata shilingi. Wakikuambia hayo mtaongea baada ya malipo, chukua mkoba wako na ushuke ngazi.