Fundi akikuambia "rudi kesho", usimkasirikie

Wewe mwenye Probox inayogonga mbele kila ukiingia kwenye shimo, hebu tuongee. Umefika gereji ya kando ya barabara pale Kapsoit saa nne asubuhi. Unataka tairodi mpya na uwe umerudi kazini kabla ya saa sita, kwa sababu abiria wa Kericho hawangoji mtu. Fundi kijana anachuchumaa, anaangalia nati, anatikisa kichwa. "Imeshika, boss. Niachie mpaka kesho." Nawe unapandisha sauti: eti nati moja ndiyo imalize siku nzima?

Ndiyo, inaweza. Na kwa maoni yangu, ni hiyo haraka yetu wateja inayowafunza mafundi vijana tabia mbaya.

Kumbuka gari lako linaishi wapi. Kericho mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Barabara za kuingia kwenye chai ni za murram, na tope lile jekundu hujishindilia kila pembe chini ya gari, likakaa na maji yake. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndani ya thredi za nati hakuna pa kuvimbia, basi nati na bolti zinakazana utadhani zimechomelewa.

Sasa ukimsukuma fundi atafanyaje? Atachomeka paipu kwenye spana aongeze nguvu, bolti ikatikie ndani. Au spana malaya iteleze, ile kona za nati mpaka iwe duara. Au agonge ncha ya bolti kwa nyundo hadi ipanuke kama uyoga, na hapo hata nati ikilegea haitapita.

Kazi ikifanywa sawa haina maajabu. Gari likae kwenye stendi, si jeki peke yake, maana spana inavutwa kwa uzito wote wa mwili. Brashi ya waya itoe tope na kutu kwenye thredi. Kotapini itoke yote, si nusu. Kisha mafuta ya kupenya: paka, ngoja, paka tena, ikiwezekana usiku kucha. (Wasee wengine humwaga soda. Ina asidi kidogo, lakini wewe inywe tu.) Soketi iwe ya pembe sita. Nati ikianza kusogea usiivute moja kwa moja. Legeza, kaza kidogo, legeza tena, kutu isagike na mafuta yaingie.

Hata ikilegea, tairodi yenyewe bado hung'ang'ania, kwa sababu shina lake limechongwa kama koni. Fundi mjuaji huiacha nati ishike thredi chache, kisha hugonga ubavuni mwa lile sikio la chuma ambamo shina limepita, wala hagusi ncha. Na kwa bolijointi yenye nati juu, kama shina linazunguka pamoja na nati, jeki ikiisukuma kidogo kutoka chini koni hubana na nati hutoka. Ukimwona kijana akifanya hivyo, mwongeze doo ya chai.

Moto wa gesi unasaidia, kwani nati hupanuka. Lakini karibu hapo kuna mpira wa breki, na shokabu nyingi zina gesi ndani. Moto ni wa kipande kinachotupwa, tena mbali na hivyo viwili. Chuma kinachobaki garini kikichomwa ovyo hupoteza ugumu wake.

Linaloniudhi zaidi ni kinachorudishwa. Nati ileile iliyoliwa kona inakazwa tena, na mahali pa kotapini panafungwa waya. Kisha gari hilo linajazwa watu, wengine buti, na kuteremka kuelekea Awasi na Ahero. Tairodi ikichomoka huko, usukani utazunguka mikononi mwako na gurudumu litaenda linakotaka.

Kwa hivyo lipeleke gari jioni, si asubuhi. Lipia nati mpya na kotapini mpya, halafu uende alaimenti. Kabla ya kuondoka, inama mwenyewe uangalie pale ndani ya gurudumu. Ukiona waya, mrudishie fundi ufunguo na umwambie aingie tena chini.