Cheti Safi Si Nyongeza ya Mshahara



Siku za soko hapa Mahoko tunawasikia vijana wakisema: "Nimepata cheti cha kutohukumiwa, sasa kazi ni yangu." Wamekwenda kwa wakala wa Irembo, wamelipa, wamengoja, na sasa wanakibeba kwenda Gisenyi kuomba ulinzi, udereva au kazi ya ghala. Sisi tunauliza: cheti hicho kinaongeza nini katika mshahara wa mtu?

Kwanza tukubali ukweli. Mwajiri anayemkabidhi mtu ufunguo wa ghala ana haki ya kumjua. Hata sisi humchunguza mweka hazina wetu kabla ya kumpa daftari la michango. Hatupingi uchunguzi. Tunapinga mfanyakazi aulipie yeye, kisha asipate kitu.

Tutazame Marekani, ambako watu wengi husifu faida ya kibali cha usalama cha serikali, kile kinachomruhusu mtu kushika kazi za siri. Huko mfanyakazi hawezi kujiombea kibali hicho; lazima kwanza awepo mwajiri anayemhitaji, na uchunguzi hulipiwa na serikali. Kwa kuwa uchunguzi huweza kuchukua miezi mingi, kampuni inayotaka mtu wa kuanza mara moja humlipa zaidi yule aliye nacho tayari. Thamani inatokana na uhaba. Hata hivyo, akikaa nje ya kazi hizo kwa muda mrefu, kibali kinakwisha nguvu. Kinachobaki mkononi ni ujuzi wake.

Cheti chetu ni kinyume chake. Kila asiyehukumiwa anaweza kukipata, na muda wake ni miezi sita. Kitu walicho nacho wote waliopanga foleni hakimpandishi bei hata mmoja. Na aliyekosa kazi mwaka mzima hukilipia mara mbili, bila kupata ujira wa siku moja.

Wala jambo hili halikuanza jana. Hapo ng'ambo ya mpaka, Kongo ilipokuwa chini ya Wabelgiji, serikali ilianzisha kadi ya sifa za uraia mwaka 1948, na mwaka 1952 ikaweka daraja la juu zaidi, la Mwafrika "aliyeandikishwa". Mwombaji alichunguzwa mpaka nyumbani kwake: mwenendo wake, ndoa yake, na jinsi anavyoishi. Patrice Lumumba, karani wa posta mjini Stanleyville, ambao leo ni Kisangani, alikataliwa mara ya kwanza, akakipata cheti hicho mwaka 1954. Je, alilipwa sawa na karani Mbelgiji? Hapana. Serikali ilithibitisha kwamba anaaminika, lakini mshahara ulibaki ule wa Mwafrika. Ndiyo maana makarani wale walihitaji pia chama chao, na Lumumba mwenyewe akawa kiongozi katika chama cha wafanyakazi wa posta.

Funzo ni wazi. Karatasi ya serikali hufungua mlango, haipangi mshahara. Mshahara hupangwa na ujuzi, na mapatano, na umoja wa wanaopatana.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, cheti kitakwe kwa yule aliyekwisha kuchaguliwa, si kwa mamia wanaoomba nafasi moja. Pili, mwajiri anayekitaka arudishe gharama yake, kama anavyonunua sare na buti. Tatu, ikiwa kazi inahitaji mtu wa kuaminika kuliko wengine, imani hiyo iandikwe katika mkataba kwa tarakimu za faranga. Mlinzi anayekesha peke yake akilinda mali ya mamilioni asilipwe kana kwamba analinda kibanda kitupu.

Nanyi vijana wa Mahoko, chukueni cheti kazi ikikihitaji, lakini msikihesabu kuwa ni ufundi. Fedha mliyo nayo itangulieni katika leseni ya udereva, uchomeleaji, umeme au hesabu. Miezi sita ikipita, cheti kitakuwa karatasi tu. Ufundi hautapitwa na tarehe.

Tuaminiwe, ndiyo. Lakini tulipwe kama watu wanaoaminiwa!