Gari kuukuu la Kolwezi: sheria ihesabu miaka au ipime breki?

Pale Kasumbalesa, mpakani na Zambia, magari yaliyokuwa yakishika kushoto tangu Dar es Salaam huhamia upande wa kulia. Usukani ndio hauhami. IST, Spacio, Noah, Hiace na Harrier hushushwa melini Dar, hupita Morogoro, Iringa na Mbeya, huvuka Tunduma, hukata Zambia kupitia Mpika na Ndola, kisha huingia Kongo yakiwa na usukani wake wa Kijapani upande wa kuume, katika nchi ambayo barabara zake zinamtaka dereva akae kushoto. Hadi Lubumbashi ni takriban kilomita 2,000. Ongeza 300 hivi, kupitia Likasi na Fungurume, gari liko Kolwezi na mwenye nalo anatafuta mteja.

Njiani yamepishana na malori yaliyobeba shaba na kobalti ya mkoa wetu wa Lualaba kuelekea baharini. Kongo huchimba takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inatoka katika ardhi hii tunayoikanyaga. Inakwenda kwenye betri za magari ya umeme ya China na Ulaya. Sisi tunaletewa Toyota ya mwaka 2004. Wapo wanaolilia jambo hilo kila wakipata nafasi. Mimi silii sana, maana Toyota ya 2004 inamfikisha mtu kazini. Ila tukubali kwamba suala hili ndiyo kwanza linaanza: kadiri wenzetu wanavyohamia umeme, ndivyo magari yao ya petroli yatakavyozidi kutafuta pa kwenda. Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya Oktoba 2020 ilihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika ambayo Ulaya, Japani na Marekani ziliyauza nje kati ya 2015 na 2018. Takriban asilimia 40 yalikuja Afrika.

Basi serikali ifunge mlango? Kinshasa imekwisha kujaribu. Amri ya mwaka 2012 ilitaka kuweka kikomo cha umri kwa magari yanayoingizwa, na marufuku ya usukani wa kulia imetangazwa zaidi ya mara moja. Simama asubuhi kwenye njia panda yoyote ya Dilala au Manika, hapa Kolwezi, uangalie madereva wamekaa upande gani, utajua amri hizo zilifika wapi. Majirani nao wana zao. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8. Uganda, kwa sheria ya 2018, iliweka miaka 15. Tanzania haikufunga, ila humtoza zaidi anayeleta gari lililozeeka. Wanaotaka Kongo ifuate njia hiyo wana hoja ya moshi, ya ajali, na ya nchi kugeuzwa jaa la vyuma. Nakubaliana nao nusu ya njia. Nusu ya pili tunaachana, kwa sababu mwaka ulioandikwa kwenye karatasi haujawahi kugonga mtu. Wanaogonga ni tairi lililopasuka, breki zisizoshika, na dereva asiyeona mbele.

Tumtazame kwanza mnunuzi mwenyewe. Ni mwalimu, mlinzi, fundi wa kampuni ya mkataba inayohudumia mgodi, au mama mwenye duka la unga. Gari jipya hata halimpitii akilini. Gari la dola elfu chache ndilo litakalompeleka mgonjwa hospitali ya Mwangeji usiku, litawashusha watoto shule, na baada ya kazi litageuka teksi hadi saa tatu. Biashara hii ina historia hapa. Mwaka 2003, kampuni ya madini ya serikali, Gécamines, ilipoachisha kazi zaidi ya watu 10,000 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wako waliotia malipo yao katika gari la abiria, na wako mafundi wa karakana za kampuni waliofungua gereji chini ya mwembe. Kuwaambia watu wa namna hiyo kwamba gari lao ni zee mno, bila kuwapa lingine, ni kuwarudisha kwenye pikipiki. Sidhani kuna atakayesema pikipiki kwenye barabara ya malori ya tindikali ni hatua mbele ya usalama.

Tena umri ni kipimo kibovu cha afya ya gari la Japani. Kule gari hufikishwa kwenye ukaguzi wa lazima likitimiza miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na gharama zake ndizo zinazomfanya mwenye nalo aliuze mapema, mara nyingi likiwa bado zima. IST ya kwanza, ile ya 2002 hadi 2007, mara nyingi ina injini ya 1NZ-FE ambayo pia utaikuta kwenye Vitz, Spacio na Probox. Inatumia mnyororo badala ya mkanda wa kubadilishwa kila baada ya muda, na vipuri vyake vimejaa kila duka la Lubumbashi na Kolwezi. Gari kama hilo likitunzwa nitalichagua mbele ya gari la 2014 lililobingirika Osaka, likanyooshwa na kupakwa rangi. Sheria inayohesabu miaka ingelikataa la kwanza na kulipokea la pili.

Hata hivyo viko vitu ndani ya gari ambavyo miaka huvila kweli, na hapa wenzangu wa kikomo wananishinda. Raba ni kimojawapo. Tairi lina tarakimu nne ubavuni: 2514 maana yake wiki ya 25 ya mwaka 2014. Lenye umri huo, hata kama meno yake yamesimama, halifai kwa mwendo wa kasi kwenye jua la Oktoba. Mipira ya breki vilevile. Halafu kuna mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyoko katika Toyota nyingi za miaka ya 2000. Kemikali inayoifumua huharibika kwa miaka ya joto na unyevunyevu, na badala ya kumkinga dereva huweza kumrushia vipande vya chuma. Duniani kote iliitwa kwa mamilioni irudishwe na kubadilishwa bure, lakini mwito huo ulimfikia mwenye gari aliyesajiliwa Japani. Haukuvuka bahari kumtafuta mwenye teksi wa mtaa wa Kasulo. Namba ya chasisi ikiandikwa kwenye tovuti ya mtengenezaji humwambia mtu kama gari lake limo katika mwito huo. Ni kazi ya dakika chache, na kabla ya kutoa hela sioni kisingizio cha kutoifanya.

Usukani sasa. Hapa sina huruma, na nitasema kwa kirefu kwa sababu wengi hulichukulia kama suala la mazoea. Kati ya Likasi na Kolwezi gari dogo hutumia muda mwingi nyuma ya lori. Dereva aliyekaa kushoto huchungulia kidogo tu akaona kama njia ni tupu. Aliyekaa kulia anaona mtaro, nyasi na mgongo wa lori. Ili aone mbele lazima alitoe gari zima kwenye njia ya wanaokuja. Ndiyo maana utasikia abiria wa kiti cha mbele akiwa ndiye macho ya dereva: “Ngoja… ngoja… pita sasa!” Maisha ya watu watano yanakaa kwenye mdomo wa mtu ambaye huenda hajawahi kushika usukani.

Taa nazo. Taa fupi za gari la Japani zimeundwa zimulike zaidi kushoto, ukingoni mwa barabara ya kwao. Kwetu kushoto ndiko anakotokea mwenzako, kwa hiyo kila usiku tunatiana upofu bila kukusudia. Na mlango wa kuteleza wa Hiace uko kushoto, upande ambao Tokyo ni wa watembea kwa miguu. Kolwezi ni katikati ya barabara. Mama anashuka na mtoto mgongoni na beseni mkononi, hatua yake ya kwanza inakanyaga lami ambako pikipiki na malori yanapita. Gari la namna hiyo halipaswi kubeba abiria wa kulipa, liwe la 1998 au la mwaka jana.

Kuna wanaogeuza usukani kuhamia kushoto. Kazi hiyo hufanyika, tena baadhi ya mafundi wana mikono mizuri. Lakini inataka kukata dashibodi, kuhamisha mhimili wa usukani, kuunganisha upya kanyagio la breki, na mara nyingi mfuko wa hewa unaishia kwenye ndoo ya vyuma. Gari lililogeuzwa na mtu asiyejulikana linanitisha kuliko lililoachwa kama lilivyotoka kiwandani.

Kwa mnunuzi, mahali pa ukweli ni chini ya gari. Fundi anayejua kazi yake haanzi na injini. Analipandisha kwa jeki, anashika gurudumu la mbele juu na chini, analitikisa. Kisha kushoto na kulia, analitikisa tena. Likicheza, sura yake inabadilika. “Papa, usiangalie rangi, angalia hapa,” atakuambia, akikuonyesha kiungo kilichokauka grisi au kulehemu kusikostahili kwenye chasisi. Vumbi letu jekundu linakula bushi na shokapu kwa kasi ambayo mwenye gari wa Japani haijui, na kichujio cha hewa hapa hakingoji ratiba ya kitabu. Atachomoa kijiti cha giaboksi anuse mafuta kama yameungua. Atainua zulia atafute kutu na mchanga wa mafuriko. Kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi hatazijali, kwani zimekwisha kurudishwa nyuma mara nyingi mno safarini. Afadhali umwombe muuzaji karatasi ya mnada wa Japani, ambayo huonyesha kilomita na kama gari liliwahi kupata ajali kubwa. Asipokuwa nayo, bei ishuke au uondoke.

Kosa linalowamaliza wengi ni la hesabu. Mtu ana dola 4,000, ananunua gari la dola 4,000. Angenunua la 2,700, akabaki na pesa za breki, tairi nne, viungo vya mbele, rejeta na taa. Badala yake gari linatoka uwanjani limechoka, na pesa ya kwanza inayopatikana, nasema kwa masikitiko, inakwenda kwenye rimu zinazong’aa na redio ya kutikisa mtaa wa Biashara.

Narudi kwa serikali. Mapendekezo mengi ya udhibiti huishia kwenye kizuizi kingine cha barabarani ambapo dereva anaulizwa karatasi, na karatasi hupatikana kwa namna zake. Najua jibu la madereva: ukaguzi utageuka péage nyingine, yaani tozo jingine la barabarani. Hofu yao ni halali. Hata huko Ulaya karatasi imeshindwa kazi: wakaguzi wa Uholanzi waliochunguza magari yaliyokuwa yakisafirishwa kuja Afrika walikuta mengi yana miaka kati ya 16 na 20, na mengi hayana cheti halali cha ukaguzi. Ndiyo sababu nataka mashine, wala si muhuri. Benchi la kupimia breki hutoa namba iliyochapwa. Gurudumu la kushoto linashika kiasi hiki, la kulia kiasi kile. Ni vigumu kubishana na namba hiyo, na ni vigumu zaidi kuiuza.

Pesa ya kuanzia ipo. Kifungu cha 204 cha Katiba ya 2006 kinaipa mikoa kodi ya magari, hii ambayo kila mwenye gari huilipia kibandiko cha kioo. Lualaba inaweza kuiunganisha kodi hiyo na kipimo cha mambo manne tu: breki, tairi, viungo vya usukani, taa. Bei moja, ibandikwe ukutani. Gari likishindwa, mwenye nalo apewe wiki kadhaa alitengeneze arudi, badala ya kunyang’anywa. Ianze kwa magari ya abiria, kwani hayo ndiyo yanayobeba watu wasiochagua gari. Kwa Hiace za mlango wa kushoto, itangazwe tarehe moja, yenye miaka ya kutosha kwa mwenye nayo kurudisha mtaji wake, na isiahirishwe.

Wengine watauliza magari ya usukani wa kushoto yatatoka wapi. Yapo, Ubelgiji na Dubai, na huingia Kinshasa kila siku kupitia Matadi. Shida yetu imekuwa njia. Reli ya Lobito, inayofika Kolwezi kupitia Dilolo, imeanza tena kupeleka shaba Atlantiki. Mabehewa hayo yanarudi. Wanaojadili mikataba ya reli kwa niaba yetu waulizwe yanarudi na nini, na kwa bei gani kwa mfanyabiashara mdogo.

Waheshimiwa wabunge wa mkoa, msitupigie kura ya marufuku nyingine ya umri kabla benchi la kwanza la breki halijafungwa Kolwezi. Na wewe unayekwenda Lubumbashi wiki hii na pesa yako mfukoni, nenda na fundi wako, mlipe siku yake, na asiposema “sawa” usitoe hata dola moja.