2,147,483,647 si ukomo wa kompyuta tu

Mwandishi, umeieleza namba hii kama ukomo wa hesabu za kompyuta, ukaishia hapo. Utamu wenyewe umeuacha. 2,147,483,647 ni namba tasa, na mwaka 1772 Leonhard Euler, akiwa karibu kipofu kabisa, alitangaza kwamba amelithibitisha hilo.

Hakujaribu kila kigawo. Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Euler alijua kwamba kigawo chake chochote tasa, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakishe 1 au 63. Kipeuo cha pili cha namba hii hakifiki 46,341, kwa hiyo zilibaki namba zisizofika 400 za kujaribiwa. Akili hiyo ya kupunguza kazi kabla ya kukokotoa naistahi kuliko jibu lenyewe.

Tena ukiizidisha namba hii kwa 1,073,741,824 unapata namba kamilifu, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe.

Walimu wa sekondari wanaweza kuanza na 127, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 7, toa 1. Kigawo chake tasa lazima kibakishe 1 kikigawanywa kwa 14, na chini ya 12, ambayo kipeuo cha pili cha 127 hakiifikii, hakuna tasa ya namna hiyo. Uthibitisho umekamilika bila kugawanya hata mara moja.