Kabla ya Kukopa Suti, Fungua Sanduku Lako

Leo tuongelee kazi ambayo wengi wetu tukiisikia tunadhani ni ya wasanii na mabinti wa Masaki tu: kazi ya stailisti, yaani mtu wa kukuchagulia nguo na kukuambia uzivaeje. Utasema, uswahilini nani ana hela ya kumlipa mtu amwambie avae nini? Subiri kwanza, usinicheke. Hapa kwetu Tandale hao watu tunao, ila hatuwaiti hivyo.

Nianze na kisa. Jirani yangu mmoja, msichana wa kidato cha nne kama mimi, aliitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi, ofisi moja huko Posta. Zikiwa zimebaki siku tatu, akaapa kwamba bila suti mpya ya Kariakoo haendi. Kwenye kikoba tayari alishaomba mkopo wa shilingi 90,000. Jamani! Mshahara hana, mama yake anauza vitumbua, hilo deni na riba yake angelipa nani?

Nikamshika mkono mpaka kwa mama mmoja muuza mitumba karibu na soko la Tandale. Huyo ndiye anayetuvalisha mtaani. Ukiwa na harusi unampelekea gauni alione kwanza.

"Shikamoo mama," jirani yangu akasalimia.

"Marahaba mwanangu. Nasikia unataka suti?"

Akaelezwa yote. Mama wala hakugusa nguo zake zilizotundikwa. Akasema, "Kesho asubuhi nakuja kwenu. Utanifungulia sanduku."

Kesho yake nguo zote zikamwagwa kitandani. Mama akatenga mafungu matatu: zinazomkaa, zinazotaka fundi, na za kugawa. Kwenye fungu la fundi akachomoa sketi nyeusi.

"Mama, hiyo si ya shule?"

"Shule imeandikwa wapi?"

Tukacheka, lakini kweli, kitambaa kilikuwa kizima. Fundi cherehani akashusha pindo na kubana kiunoni kwa 3,000. Shati la mtumba la bluu ya maji, 5,000. Viatu vyake vya zamani vikapigwa rangi kwa 1,500. Mama naye akachukua 3,000 ya kazi yake. Jumla 12,500. Ule mkopo ukafutwa kabla haujatoka.

Siku ya usaili mvua ikanyesha, na Tandale ikinyesha unaijua mwenyewe, tope mpaka kwenye kifundo. Mama alishamwambia: "Vaa ndala mpaka kituo cha mwendokasi Manzese, viatu viwe kwenye mfuko." Posta akafika msafi, utadhani amelala hapo hapo.

Kazi hakupata. Najua ulitaka niseme amepata, lakini walimchukua mwenye uzoefu. Nguo haikupi kazi, inakufanya tu usihangaike kujivuta sketi wakati unaulizwa maswali. Ila alirudi nyumbani hadaiwi na mtu. Sketi ile ile akaivaa usaili wa pili, akaivaa na wa tatu. Huko kwa tatu wakamwambia aanze Jumatatu. Angekopa ile suti, mpaka siku hiyo angekuwa bado anakimbizana na wanakikoba.

Na kazi hii si ngeni kwetu. Pwani yetu bibi harusi ana mpambaji wake tangu enzi na enzi, na mwari ana somo wa kumfunda. Halafu mitumba ilipofurika zama za Mzee Ruksa, Rais Ali Hassan Mwinyi (1985 hadi 1995), uswahilini wakazaliwa mabingwa wa kuchagua. Hata Diamond Platnumz, mtoto wa Tandale, kabla hajavuma aliwahi kuuza nguo.

Bingwa wa kweli utamjua kwa kazi yake. Nguo ya mtumba anaiinua kwenye mwanga kutafuta vitundu. Anaangalia kwapa, kola na mshono wa katikati ya miguu, maana huko ndiko nguo inakozeekea. Zipu anaipandisha na kuishusha. Suruali anakuzungushia kiuno chake shingoni. Ncha zikikutana bila kukukaba, mara nyingi itakutosha. Anajua pia kwamba asubuhi belo likifunguliwa nguo ni nzuri lakini bei imesimama, na jioni muuzaji anataka kwenda nyumbani, bei inalegea.

Zaidi ya yote atakuambia ukweli. "Hii rangi inakufubaza." "Hii inakubana tumbo." "Hii unayo tayari, ya nini nyingine?" Shoga yako hawezi kukuambia hivyo, anaogopa utanuna.

Ila angalia, matapeli wapo. Mtu anayekukimbiza dukani kabla hajaona ulichonacho, huyo ujue ana cha juu chake kwa muuzaji. Na yule anayesifia kila unachojaribu, mshukuru, kisha aga uondoke.

Sasa nina ombi moja. Tunawatumia hawa mama na dada zetu bure, tunawaita "njoo unisaidie mara moja," halafu soda tu ndiyo malipo. Kaka fundi tunamlipa, msusi tunamlipa. Aliyekuokolea 77,500 umpe hata elfu tatu yake bila kusukumwa.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi naongeza: ya mkopo nayo inasitiri mpaka mwisho wa mwezi tu. Kwa hiyo kabla hujakimbilia Kariakoo, fungua sanduku, mwite mwenye jicho.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.